Upande wa Kina

Walimwagiza shairi la maji
baada ya maji kutolewa.
Ndivyo halmashauri ilivyo: huagiza dawa
siku ya arobaini.

Mistari kumi na miwili, mkataba ulisema,
isomwe Ijumaa ya tamasha, saa moja jioni, Bradford,
ndani ya bwawa la Mtaa wa Thornhill
lililofungwa tangu boila ilipokata roho.
Pauni mia nne. Nusu sasa,
nusu watu wakishapiga makofi.

Mimi nilikuwa mshika tochi.
Fulana ya zambarau, mgongoni imeandikwa NIULIZE,
na swali nililoulizwa wiki nzima
ni choo kiko wapi.

Rukhsar Lodhi alikuja wiki tatu kabla.
Hakuuliza habari za maji. Aliuliza
nani alikuwa akishika taulo.
Aliwatafuta wanawake wa Jumanne,
wale walioogelea madirisha yakiwa yamezibwa kwa mashuka,
mama zake wadogo watatu miongoni mwao,
waliojifunza kuelea wakiwa na miaka hamsini,
na kila mmoja alimwambia, kwa mzunguko wake,
kwamba humo tu ndimo goti halikuuma.

Maji ukiyavulia nguo, yaoge.
Waliyavulia, wakayaoga miaka kumi na tisa,
kisha maji ndiyo yaliyoondoka,
wakabaki na nguo mkononi.

Ijumaa ikafika na mvua yake.
Watu wakashuka ngazi ya chuma kinyumenyume,
wakaketi juu ya vigae, upande wa kina.
Juu ya vichwa vyetu hewa ilikuwa na umbo.

Wilf Hainsworth, mwokozi wa bwawa hilo
miaka thelathini na mmoja, alikataa kiti.
Alisimama ukingoni, firimbi shingoni,
akituhesabu.

Kipaza sauti kikafa kwenye mstari wa pili.
Rukhsar akasoma kwa koo lake tupu
na bwawa likamrudishia kila neno mara tatu,
kila mara likiwa limelowa zaidi.
*Taulo,* akasema.
Taulo. Taulo. Ulo.
Akanyamaza, akasubiri likauke,
ndipo akatoa lingine.
Tukamwona akikata papo hapo, jicho likiruka ukurasa:
mistari kumi na miwili ikawa saba,
na ile saba ikachukua nusu saa.

Imelda, mkalimani wa lugha ya alama, hakuwa na mwangwi.
Mikono yake ilimaliza mapema, ikakaa hewani ikingoja.
Viziwi watatu wa safu ya mbele
walikuwa wameshalielewa neno
kabla sisi hatujaacha kulisikia.
Waligeuka, wakatutazama kwa huruma.

Mstari wa mwisho sitausema.
Ulikuwa na goti ndani yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Tuliogopa yangerudi.
Mtoto mmoja akauliza maji yameenda wapi,
na bwawa nalo likauliza: wapi, wapi.

Wilf akapuliza firimbi. Mara moja, ndefu.
"Muda umekwisha. Tokeni wote."
Na watu mia moja na kumi na wawili, wenye akili timamu,
wakainuka, wakapanga foleni kwenye ngazi,
wakapanda mmoja mmoja bila kusukumana.
Mzee aliyekuwa mbele yangu, alipofika juu,
aliinamisha kichwa upande
akaligonga sikio.

Sasa kamati imeniletea fomu.
Idadi ya waliohudhuria: nimejaza.
Kuridhika kwao, moja hadi tano: nimeacha wazi.
Nusu ya pili ya malipo imekwama,
maana mhasibu anataka kujua makofi yalidumu kwa muda gani.
Nimemwandikia pembeni, kwa kalamu:
mlipeni tu.
Usiku ule nilifika nyumbani
nikaianika fulana, ilhali ilikuwa kavu.